Kompyuta 34 na flashi moja: jibu kwa mwalimu wa Newala

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa TEHAMA katika shule ya sekondari huku Newala. Tumepata msaada wa kompyuta 34 zilizotumika: 22 ni Dell OptiPlex 7040 na 12 ni HP ProDesk 600 G2, zote zimekuja na diski tupu. Nimeanza kupiga Windows 10 kwa flashi, moja moja. Kila nikimaliza mashine nakuta draiva bado, apdeti zimekula bando, na ile ya jana wanafunzi wameshaivuruga. Mwenzangu wa Masasi ananiambia nitumie Ghost. Fundi mmoja wa Mtwara mjini anasema FOG. Kwenye YouTube ndiyo kabisa: kickstart, preseed, autoinstall, Autopilot. Kwa nini zana ni nyingi hivi kwa kazi moja, na mimi nishike ipi? Mkuu wa shule anataka Windows, mimi sina ubishi na Ubuntu. Intaneti yetu ni ya bando la simu. Na je, ni lazima ninunue seva?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Waliokushauri wote wana hoja, ila kila mmoja anajibu swali lake. Mwenzako wa Masasi anazungumzia kuhamisha mfumo kutoka diski moja kwenda nyingine. Fundi wa mjini anazungumzia seva ya kusimamia uhamishaji huo. Wa YouTube wanazungumzia faili la majibu, linalojibu maswali ya kisakinishi badala yako, isipokuwa Autopilot, ambayo ni jambo jingine kabisa. Hakuna aliyekuambia mashine yenye diski tupu inaamkaje, na hapo ndipo wengi wanakwama siku ya kwanza na kurudi kwenye flashi. Nianze na hilo.

Kompyuta isiyo na mfumo kwenye diski haijui chochote zaidi ya kile kilichomo kwenye chipu ya bodi yake. Miaka ya 1980 diski ilikuwa ghali kiasi kwamba kampuni kama Sun ziliuza kompyuta za kazi zisizo na diski kabisa. Kila kitu kilivutwa kutoka kwenye seva. Ili mashine ijue anwani yake na faili la kuanzia, ilibidi iulize mtandaoni, na utaratibu wa kuuliza ukaandikwa Septemba 1985 kwa jina la BOOTP. Mashine inatangaza namba ya kadi yake kwa kila aliyeko kwenye waya, seva inayoitambua inaijibu: anwani yako hii, faili lako lile. Faili lenyewe linavutwa kwa TFTP, itifaki ndogo mno ambayo hutuma kipande, husubiri kuambiwa kimefika, ndipo hutuma kingine. Mwaka 1993 ikaja DHCP, iliyojengwa juu ya BOOTP. Ndiyo hiyo hiyo inayogawa anwani kwenye ruta yako ya bando leo. Intel wakavifunga vyote kuwa kitu kimoja, PXE, na toleo la 2.1 la Septemba 1999 ndilo lililoshika dunia. Dell zako na HP zako zote wanazo, na kadi zao za mtandao ni za Intel. Hilo litakupunguzia kazi ya draiva.

Jaribu hata leo kabla ya kuandaa chochote. Chomeka kebo kwenye Dell moja, washa, bonyeza F12, chagua kubuti kwa mtandao. Kama BIOS, programu ya kwenye bodi inayoiwasha mashine, iko kwenye Legacy, yaani mtindo wa zamani wa kubuti, mashine itasema tatizo lake kwa namba. PXE-E61 maana yake kebo haijashika au mlango wa swichi umekufa. PXE-E51 maana yake imeita na hakuna DHCP iliyoitika. PXE-E53 maana yake imepewa anwani lakini haikutajiwa faili la kuanzia. Ukiiona E53 furahi: waya ni mzima, ruta inajibu, kimebaki kitu kimoja tu. Kwenye UEFI, mtindo mpya wa kubuti, maneno ni tofauti kidogo, utaona inaanza PXE kwa IPv4 kisha inakata tamaa, lakini mantiki haibadiliki.

Hicho kitu kimoja kina mtego. Ruta za bando kwa kawaida hazina mahali pa kuandika jina la faili la kubuti. Kishawishi ni kuwasha DHCP ya pili kwenye seva yako. Usifanye hivyo kwenye mtandao unaotumiwa na ofisi, kwa maana nusu ya mashine zitachukua anwani huku na nusu kule, na kabla ya saa nne asubuhi mhasibu atakuwa mlangoni kwako akiuliza kwa nini mfumo wa malipo haufunguki. Dawa yake ni programu ndogo inayoitwa dnsmasq ikiwa kwenye hali ya ProxyDHCP. Inaiacha ruta iendelee kugawa anwani, yenyewe inaongeza jina la faili tu. Kwa mashine zilizo kwenye Legacy faili la FOG ni undionly.kpxe, kwa UEFI ni ipxe.efi au snponly.efi. Amua hali moja kwa mashine zote 34, na mimi ningechagua UEFI, kwa sababu mfumo uliopigwa kwenye UEFI hautabuti kwenye mashine iliyo Legacy hata kama kila kitu kingine kinafanana. Secure Boot, kinga inayozuia kubuti faili lisilo na saini inayoaminika, nayo zima wakati wa kazi.

Hiyo iPXE unayoiona kwenye majina ya faili ni mjukuu wa mradi wa Etherboot wa miaka ya 1990, na imekuwa na jina hilo tangu 2010. Kazi yake ni kupokea kijiti kutoka kwa PXE ya kiwandani kisha kuvuta vitu vizito kwa HTTP badala ya TFTP. Bila yeye ungekaa unaangalia nukta zikitambaa kwenye skrini.

Sasa mashine imeamka. Swali la pili ni namna ya kuweka mfumo kwenye diski, na hapa mafundi wa dunia nzima wamegawanyika kambi mbili kwa miaka thelathini.

Kambi ya kwanza inanakili. Unaandaa mashine moja vizuri, unaichukua diski yake nzima kama faili, linaloitwa imeji, unaimwaga kwenye mashine nyingine. Ghost ndiye aliyeifanya njia hii kuwa maarufu. Ilitengenezwa Auckland, New Zealand, katikati ya miaka ya 1990 na Murray Haszard, na Symantec wakainunua 1998. Wakati huo maduka yalikuwa yanatoa mamia ya mashine za Windows 95 zinazofanana, na Ghost ikageuza kazi ya nusu siku kuwa ya dakika chache. Jina likawa kitenzi. Ndiyo maana mwenzako wa Masasi bado anasema "i-ghost tu", na nina hakika hata yeye hatumii Ghost yenyewe. Kinachotumika leo bila kulipia ni Clonezilla, iliyotoka Taiwan, na FOG, iliyoanza 2007. Zote mbili zinategemea Partclone, ambayo hainakili diski yote bali sehemu zenye data tu. Diski ya GB 500 yenye GB 20 za mfumo inatoa faili la kama GB 10 likibanwa.

Kambi ya pili hainakili kitu. Inaandika. Yale maswali yote ambayo kisakinishi kinakuuliza, lugha gani, saa za wapi, diski igawanywe vipi, mtumiaji anaitwa nani, unayajibu mara moja kwenye faili, na kisakinishi kinalisoma badala ya kukuuliza. Sun walikuwa na JumpStart kwa Solaris katikati ya miaka ya 1990, Red Hat wakafuata na Kickstart, Windows NT ikawa na unattend.txt, SUSE wakaja na AutoYaST. Mwaka 1999 Thomas Lange wa Chuo Kikuu cha Cologne, Ujerumani, alianzisha FAI kwa ajili ya Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux. FAI mpaka leo naiheshimu kuliko nyingi zenye kelele, kwa sababu iliona mapema kwamba mashine huja kwa aina. Unaipa mashine madaraja: hii ni ya maabara, ina printa, ni HP. Kila daraja lina maagizo yake na mashine inakusanya yanayoihusu. Preseed ya Debian nayo ni ya kambi hii, na autoinstall ya Ubuntu pia.

Tofauti ya kambi hizi ni ya nguo ya mtumba na vipimo vya fundi cherehani. Ya mtumba unavaa sasa hivi, ila ilikatwa kwa mwili wa mtu mwingine. Vipimo vinakuchelewesha, lakini kesho ukitaka nguo nyingine ya kitambaa kingine, karatasi ipo.

Ubaya wa kunakili hauonekani siku ya kwanza. Unaonekana baada ya mwaka, pale mashine ile ya mfano imeshafutwa, aliyeiandaa amehamishiwa Nanyumbu, na hakuna anayejua ndani ya imeji kuna nini. Kuna programu imewekwa, haijulikani kwa nini. Kuna nywila isiyokumbukwa. Basi kila mtu anaogopa kuigusa, na shule inaendelea kumwaga mfumo wa zamani kwenye mashine mpya.

Tena kuna suala la utambulisho, na hili nitalikalia kidogo kwa sababu limegeuka juzi tu. Kila Windows inapowekwa hujitengenezea namba yake, SID. Ukinakili diski unanakili na namba. Microsoft siku zote walisema kabla ya kuchukua imeji uendeshe Sysprep, ambayo inaifuta namba hiyo ili kila nakala ijitengenezee yake. Mafundi wengi waliiona inachosha, wakatumia kiprogramu cha mkato kinachoitwa NewSID. Mwaka 2009 Mark Russinovich, mmoja wa walioiandika NewSID, akaiondoa mwenyewe, akieleza kwamba alipochunguza hakuona madhara ya mashine mbili kuwa na SID moja. Watu wakashangilia na Sysprep ikasahaulika kwenye karakana nyingi. Kisha yakaja masasisho ya mwishoni mwa Agosti 2025. Windows 11 za 24H2 na 25H2, pamoja na Windows Server 2025, zikaanza kukagua SID wakati mashine zinapotambuana, na zile zilizonakiliwa bila Sysprep zikakataa kufunguliana mafolda na kuunganishwa kwa mbali. Nywila ni sahihi, mtumiaji ni sahihi, mlango haufunguki. Kwa hiyo fundi akikuambia Sysprep ni mambo ya zamani, mwambie taarifa zake zimeisha muda.

Linux nayo ina lake. Faili la /etc/machine-id hubeba namba ya mashine, na Ubuntu inaweza kuitumia kuomba anwani. Ukinakili bila kulifanya tupu, utashangaa kompyuta ishirini zikipewa anwani moja na kupokonyana intaneti. Lifanye tupu, usilifute kabisa, na zile funguo za mashine za SSH, njia ya kuingia kwenye mashine kwa mbali, ziondoe, kabla tu ya kuzima kwa ajili ya kuchukua imeji.

Je, faili la majibu halina ubaya? Linao. Linachelewa, kwa sababu kila mashine inafanya usakinishaji kamili. Na kama hukujipanga, kila mashine inakwenda kuvuta vifurushi vyake mtandaoni. Zidisha GB 2 mara 34, halafu fikiria bando lako. Kingine kinachowatesa watu ni kwamba maelekezo mengi yaliyoko mtandaoni yamepitwa na wakati. Ubuntu Server iliachana na preseed ikahamia autoinstall kwenye toleo la 20.04, na faili lake ni la YAML ambalo nafasi mbili zikikosewa mwanzoni mwa mstari, au ukiweka tabu, linakataliwa lote. Mtu anafuata makala ya 2016 neno kwa neno, haifanyi kazi, anadhani mashine yake ina kasoro.

Upande wa Windows mambo ni yale yale. RIS, zana ya Microsoft ya kusakinisha Windows kwa mtandao, ilikuja na Windows 2000, ikarithiwa na WDS. Vista ikaleta muundo wa WIM, ambao unahifadhi mafaili badala ya sekta za diski, kwa hiyo imeji moja inaingia kwenye diski za ukubwa tofauti. Juu yake ikakaa MDT, ambayo kwa miaka mingi ndiyo ilikuwa zana bora ya bure kwa mtu mwenye Windows pekee. Leo nisingemwanzisha mtu mpya humo. MDT inategemea VBScript, lugha ya skripti ambayo Microsoft wenyewe wametangaza kuiondoa kidogo kidogo, na WDS imezuiwa kusakinisha Windows 11 kwa kutumia boot.wim ya kwenye diski ya usakinishaji.

Kilichozipatanisha kambi hizi ni biashara ya kukodisha seva. Amazon walipofungua EC2 mwaka 2006, hakuna mteja aliyekuwa tayari kusubiri usakinishaji. Mashine ilibidi iwake haraka, kwa hiyo imeji ikarudi kwa kishindo. Lakini imeji moja kwa maelfu ya wateja haiwezi kubeba jina la mtu wala ufunguo wake. Suluhisho likawa imeji nyembamba isiyo na utambulisho, na cloud-init ndani yake inayosoma maelezo ya mashine husika wakati wa kuwaka kwa mara ya kwanza. Mwaka 2013 ikaja Packer, ambayo inaijenga imeji yenyewe kutokana na faili la maandishi. Hapo ubishi ukaisha kwa wanaofikiri vizuri: andika maagizo, maagizo yatengeneze imeji, imeji ndiyo imwagwe. Unapata kasi ya Ghost na kumbukumbu ya Kickstart. Ndiyo njia ninayotaka wewe uifuate huko Newala, kwa udogo wake.

Autopilot ya Microsoft, ya 2017, achana nayo kwa sasa. Haiweki mfumo kabisa. Inachukua mashine iliyotoka kiwandani na Windows yake, ikishaunganishwa na intaneti inajichukulia mipangilio ya taasisi. Ni nzuri kwa benki inayomtumia mfanyakazi laptopu nyumbani Dar es Salaam. Kwa diski tupu na bando la simu haina cha kukusaidia.

Kabla ya hatua, suala la mkuu wa shule. Aina zote mbili za mashine zako zina prosesa za kizazi cha sita cha Intel. Windows 11 kwa utaratibu rasmi inataka kizazi cha nane kwenda juu pamoja na TPM 2.0, chipu ya usalama, na Windows 10 usaidizi wake ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kuna masasisho ya usalama ya kulipia. Kwa taasisi za elimu Microsoft waliyapanga kuwa dola 1 kwa mashine mwaka wa kwanza, 2 wa pili, 4 wa tatu, ila lazima uwe ndani ya leseni zao za elimu. Na leseni iliyokuja na mashine peke yake haikupi haki ya kumwaga imeji moja kwenye mashine zote. Hiyo nayo inataka leseni ya taasisi. Zile programu za kuamsha Windows kwa magendo usiziguse. Mara nyingi ndizo zinazoingiza virusi, halafu wewe unavimwaga kwenye mashine 34 kwa mkupuo.

Ushauri wangu: Dell za maabara ziwe Ubuntu yenye LibreOffice, HP chache za ofisi na walimu ziwe Windows kwa leseni halali, HP zilizobaki zifuate maabara. Mkuu akikataa kabisa, hatua zinabaki zile zile, unabadilisha imeji tu.

Sasa fanya hivi. Chukua Dell moja, sakinisha Ubuntu kwa mkono, mara ya mwisho. Ukimaliza, angalia ndani ya /var/log/installer. Kuna faili linaitwa autoinstall-user-data, ambalo kisakinishi kimeandika majibu yako yote bila kuombwa. Red Hat na jamaa zake wanafanya vivyo hivyo, wanaacha anaconda-ks.cfg kwenye folda la root. Watu wanahangaika kuandika faili la majibu kuanzia sifuri wakati wameshaandikiwa. Lakini usilitumie kama lilivyo. Shuka kwenye sehemu ya diski: utaona limenukuu namba ya pekee ya diski ya mashine hiyo. Ukilipeleka kwenye Dell ya pili litatafuta diski ambayo haipo. Futa sehemu yote ya diski, weka mpangilio rahisi:

    storage:
      layout:
        name: direct

Kisakinishi kitachagua diski chenyewe. Na usishangae kikisimama kukuuliza kama una uhakika wa kufuta diski. Bila neno autoinstall kwenye mstari wa kernel wakati wa kubuti, Ubuntu haifuti diski kimya kimya. Ni kinga nzuri, iache mpaka uwe na uhakika.

Pembeni ya faili hilo andika skripti fupi ya programu unazotaka: LibreOffice, kamusi, programu ya kujifunzia kuchapa, akaunti ya mwanafunzi isiyo na mamlaka ya kufuta vitu. Mafaili haya mawili ndiyo mali yako. Yaweke kwenye flashi, kwenye barua pepe, na yachapishe hata kwenye karatasi yakae kwenye jalada la idara. Muhula ukianza, unajenga mashine ya mfano upya kutokana na hayo, unachukua imeji mpya kwa FOG, unaimwaga. Mwanafunzi akivuruga mashine katikati ya muhula, huitengenezi. Unaimwaga tena wakati unafundisha.

Kwa upande wa Windows mlolongo ni huo huo isipokuwa faili linaitwa unattend.xml na mwishoni unaendesha Sysprep kwa /generalize /oobe /shutdown. Kabla ya hapo zima hibernesheni kwa amri ya powercfg /h off. Windows ya siku hizi ukiizima haizimiki kweli, inalala nusu, na Partclone ikikuta diski katika hali hiyo inakataa kuichukua. Hakikisha pia BitLocker, kifunga diski cha Windows, haijajiwasha.

Kumwaga kwenyewe tumia kile ambacho menyu ya FOG inakiita Multicast. Seva inatuma data mara moja, mashine zote zinasikiliza kwa pamoja. Chukua imeji ya GB 10 kwenye swichi ya Mbps 100, ambayo kwa uhalisia inapitisha kama MB 11 kwa sekunde: mashine moja inachukua dakika 15 hivi. Moja moja kwa mashine 34 ni saa nane na nusu. Kwa pamoja ni zile zile dakika 15, pengine 20. Kasoro yake ni kwamba msafara wote unakwenda kwa mwendo wa aliye nyuma. Kebo moja iliyokatwa vibaya kichwani, yenye jozi mbili tu za nyaya zilizoshika badala ya nne, itashuka kutoka gigabiti hadi Mbps 100 na kuwashusha wenzake wote. Kabla ya kuanza pita kwenye swichi uangalie taa; mlango ambao rangi yake haifanani na wenzake, badilisha kebo. Na umeme ukikatika katikati, mashine zote 34 zinabaki na diski nusu, hakuna kilichoharibika, unaanza upya. Bora seva na swichi ziwe kwenye UPS, kompyuta za wanafunzi hata zisipokuwa nayo.

FOG inaitambua kila mashine kwa namba ya kadi yake, kwa hiyo jina unaliandika mara moja tu na linabaki hata ukimwaga mara kumi. Yape majina yanayoeleza mahali zilipo, safu na kiti, siyo majina ya sayari. Mwanafunzi akisema kompyuta imegoma, utajua uende wapi.

Kuhusu intaneti: FOG ikishasimama haihitaji bando hata kidogo kumwaga imeji. Inahitaji intaneti siku ya kuisakinisha, kwa hiyo ibebe mashine utakayoifanya seva ushuke nayo Mtwara mjini au popote penye laini ya uhakika, malizia huko, panda nayo Newala. Kwenye seva hiyo hiyo weka apt-cacher-ng. Mashine ya kwanza ikivuta apdeti, nakala inabaki kwenye seva, na nyingine zote zinachukua hapo hapo chumbani. Windows ina kitu chake cha kugawiana apdeti kwa majirani, Delivery Optimization, kiwashe kwa mtandao wa ndani tu, kisiende nje.

Kama baadhi ya diski zitakuwa zimekufa, na kwenye mashine za msaada huwa haikosekani, usikimbilie kununua. Kuna LTSP, mradi ulioanza 1999, ambao unarudisha mtindo ule wa Sun: kompyuta inabuti kwa mtandao na kufanya kazi bila diski. Inataka seva yenye kumbukumbu ya kutosha na swichi nzuri, lakini mashine tano sita zisizo na diski zinakaa humo bila shida.

Na seva usinunue. Chukua Dell moja kati ya hizo 22, iongezee RAM ifike GB 16 na SSD ya GB 500, weka Debian, inatosha kwa chumba chako na cha shule jirani. Fedha iliyokusudiwa seva ielekeze kwenye swichi mbili za gigabiti za milango 24, kwa sababu ukiwa na za Mbps 100 hakuna seva duniani itakayokupa kasi zaidi ya hapo. Ukienda dukani soma nyuma ya boksi paandikwe 10/100/1000. Zile za 10/100 ndizo zinazouzwa rahisi na ndizo watakazokuletea kwanza.